Kabla Hujamchukua Mbwa Aliyeokolewa

  Leo hatutazungumza juu ya lishe ya mtoto wala juu ya kliniki ya akina mama wajawazito. Leo tutazungumza juu ya mbwa.

Najua kuna atakayeuliza, muuguzi ana haja gani na mbwa? Si hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo? Ni kweli. Daktari wa mifugo humtibu mbwa, na mimi huletewa mtoto aliyeumwa na mbwa huyo. Kwa hivyo sisi wawili tunafanya kazi moja, yeye upande huu na mimi upande ule.

Jambo hili limeletwa na msikilizaji wetu mmoja, baba wa watoto watatu anayeishi upande wa Kiganjo. Alituma ujumbe kwamba kuna mbwa wa mbegu ya German Shepherd, umri wake miaka 2, ambaye mwenyewe alihama akamwacha amefungwa kwenye ua. Mbwa huyo ameokolewa, yuko katika makao ya wanyama huko Nairobi, na anatafutiwa nyumba. Baba anauliza: "Muuguzi, nimlete? Watoto wanamtaka sana na mimi nataka mlinzi." Maswali kama hili nimeyapata pia kutoka Karatina, Naro Moru na Nanyuki. Watu wetu wanawapenda mbwa wa mbegu, na mbwa aliyekomaa tayari huonekana ni bahati, kwa sababu kijibwa cha mbegu hiyo kinauzwa kwa pesa nyingi.

Jibu langu kwa ufupi ni kwamba unaweza kumchukua, na utakuwa umefanya jambo jema. Lakini hutaweza kumfuga mbwa huyu kwa namna tuliyozoea kufuga mbwa katika maboma yetu. Ukijaribu, atakayeumia kwanza huenda akawa mtoto, wako au wa jirani. Sasa nikueleze ni kwa nini.

Mbwa hawa hawakuzalishwa ili wakae. Mbegu ya German Shepherd ilianza kupangwa huko Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, aliyekuwa ofisa wa askari wapanda farasi. Aliwachagua mbwa wa wachungaji wa kondoo, wale waliokuwa wakizunguka kundi mchana kutwa bila kuchoka, wakisikiliza mluzi wa mwenyewe na kuamua wao wenyewe kondoo yupi arudishwe. Ndugu yake, yule anayeitwa Malinois, anatoka Ubelgiji na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Huku kwetu Malinois ametumiwa na walinzi wa wanyamapori wa Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, katika vita dhidi ya majangili. Ukimwona akifanya kazi utashangaa. Lakini ana mtu wake anayemfundisha, anayemlisha na kumkimbiza kila siku. Ile nguvu unayoisifu ina mahali pa kwenda.

Sasa fikiria mbwa wa namna hiyo, mwenye uzito wa kilo 30 hadi 40, ndani ya kibanda cha mbao chenye upana wa hatua mbili. Wewe na mimi tunajua jinsi tunavyofuga. Mbwa hufungiwa saa kumi na mbili asubuhi, akapewa ugali jioni kupitia mlango mdogo, akafunguliwa saa tatu usiku wakati watu wamelala. Wazee wetu walituambia mbwa akizoea kuona watu hawezi kuwa mkali. Wengine humfunika kibanda kwa gunia ili asione hata kuku.

Mimi nakuambia mbwa wa namna hiyo halindi nyumba. Mlinzi ni yule anayejua nani wa nyumbani na nani mgeni. Huyu aliyefungiwa gizani hamjui mtu, hata mtoto wa jirani anayekuja kuomba chumvi. Kila kinachosogea kwake ni kitu cha kuogopa au cha kufukuza. Amekaa saa kumi na tano na nguvu zake zote, na anapofunguliwa anatoka kama maji yaliyozibwa. Kisha siku moja mwenye nyumba anachelewa kumrudisha kibandani. Labda ni Julai, wakati wa baridi ile ya gathano, ukungu umeshuka mpaka chini na kila mtu anavuta blanketi. Geti limefunguliwa kwa ajili ya gari la maziwa. Saa hiyo hiyo watoto wa shule wanapita barabarani, nao wanakimbia kwa sababu wamechelewa. Nyingi za ajali ninazozijua zilitokea hivyo. Hakuna aliyemchokoza mbwa. Mtoto alikuwa anakimbia, na mbwa aliyezaliwa kufukuza kondoo akafukuza.

Hapo kwenye kukimbia nataka tukae kidogo. Mbwa wa uchungaji huvutwa na kitu kinachokimbia, na wengi hushika kisigino au paja. Boda boda ikipita hufuata gurudumu. Mbuzi wa jirani wakitawanyika atajaribu kuwakusanya, na katika kuwakusanya atawararua. Huo si ubaya wa moyo. Ni kazi aliyofanywa aifanye, isipokuwa hakuna aliyemwonyesha mipaka. Ndiyo sababu mbwa wengi wa mbegu hii hufukuzwa makwao. Walichukuliwa wakiwa vijibwa vizuri vyenye masikio makubwa, na walipofika mwaka mmoja au miwili, wakati nguvu zimejaa, wenyewe wakashindwa. Kwa hivyo unapomwona mbwa wa miaka 2 anatafutiwa nyumba, usidhani lazima ana kasoro. Mara nyingi alikosa tu mtu wa kumtembeza.

Basi swali la kwanza kwa baba wa Kiganjo, na kwako wewe, ni hili: nani atamtembeza? Usiniambie "watoto". Mtoto wa miaka 10 hawezi kumshika mbwa wa kilo 35 akiona paka. Ni mtu mzima mwenye jina, ambaye ataamka mapema na kumtembeza kwa kamba karibu saa nzima asubuhi, kisha tena jioni. Hata mvua ikinyesha. Mbwa mzima mwenye afya wa mbegu hii anahitaji kama saa mbili za mwendo na kazi kwa siku. Kumfungulia uani azunguke peke yake hakutoshi, kwa sababu atazunguka dakika kumi na kulala, kisha aanze kuchimba ua na kubweka.

Kuna namna nyingine ya kumchosha ambayo haigharimu kitu. Mpe kazi ya pua. Badala ya kumwekea chakula chote kwenye sufuria, kificheni kidogo kidogo kwenye nyasi na chini ya mabati, naye akitafute. Mfundishe kukaa, kulala chini, kungoja mpaka aambiwe, na kuja akiitwa. Dakika 10 za kufikiri humchosha zaidi kuliko unavyodhani. Akifanya vizuri mpe kipande cha chakula na neno jema. Kumpiga fimbo mbwa aliyewahi kuteswa kunamfundisha jambo moja tu, kwamba mkono wa binadamu ni hatari, na mkono atakaouwahi kesho unaweza kuwa wa mtoto anayempapasa.

Na wewe mwenye presha au sukari, sikiliza. Kila siku kliniki tunakuambia utembee, nawe unasema huna nafasi. Mbwa huyu atakutafutia nafasi. Mimi wangu humtembeza kabla ya kwenda kazini, na mwanzoni majirani walinicheka, eti muuguzi amekuwa mzungu. Siku hizi kuna mama wawili wanaotembea nami. Hiyo ni faida ya afya ambayo sitaiacha bila kuitaja.

Sasa tuangalie boma. Unaishi katika ploti ya vyumba vya kupangisha, mlango kwa mlango? Tafadhali usimchukue mbwa huyu. Atateseka, na wapangaji wenzako watateseka. Una shamba lakini ua wako ni wa kei-apple wenye mapengo? Ziba mapengo kwanza, kisha umlete mbwa. Una mtoto mdogo anayetambaa au anayeanza kutembea? Hapo ningekushauri usubiri, au uchukue mbwa mtulivu aliyekwisha kukaa na watoto. Mtoto huyo uso wake uko sawa na mdomo wa mbwa, na mtoto mdogo akiumwa, mara nyingi huumwa kichwani na usoni. Na je, unapakana na msitu, kama ndugu zetu walio karibu na mlima au Aberdare? Usiku mbwa awe ndani ya ua. Chui humla mbwa, na mbwa akifukuza pongo msituni utakuwa na maneno na maaskari wa wanyamapori. Ndani ya hifadhi za taifa mbwa hawaruhusiwi kabisa.

Chakula pia kihesabiwe mapema. Ugali mtupu haumtoshi mbwa anayefanya kazi. Anahitaji nyama, matumbo, omena au chakula cha dukani cha mbwa. Usimpe mifupa iliyopikwa, maana huvunjika vipande vikali, wala vitunguu, wala chokoleti. Tena usimtupie mapafu na maini mabichi mnapochinja mbuzi au kondoo Desemba. Kuna tegu mdogo anayepita kutoka kwa matumbo hayo hadi kwa mbwa, na kutoka kwa mbwa hadi kwa binadamu, akatengeneza uvimbe wa maji ndani ya ini au mapafu. Ndugu zetu wa Turkana wameujua ugonjwa huo kwa muda mrefu. Chemsha vizuri, au uzike.

Kama baada ya hayo bado unasema ndiyo, twende kwenye makao ya wanyama. Shirika la zamani zaidi la kazi hii hapa Kenya ni KSPCA, lililoanzishwa mwaka 1910, ambalo makao yake yako Karen, Nairobi. Kutoka Nyeri ni mwendo wa kilomita zipatazo 150, kwa hivyo siyo safari ya kwenda mara kumi. Lakini ningekuomba usiende mara moja tu ukarudi na mbwa siku hiyo. Nenda na familia yote. Mtazame mbwa akilishwa. Mtembeze kwa kamba. Mwone anavyofanya mbele ya watoto wako, si mbele ya watoto kwa jumla. Uliza alipatikanaje, alikaa na nani, ameshawahi kumuuma mtu, anafanyaje mtu akisogelea sahani yake, anaogopa nini. Mbwa wengine waliopigwa huogopa fimbo, wengine kofia, wengine wanaume peke yao. Hayo ni vizuri uyajue mbwa akiwa bado Karen.

Wao pia watakuuliza wewe maswali, juu ya ua, kazi yako, na nani hubaki nyumbani mchana. Usiudhike, na usiwadanganye. Wanataka mbwa asirudi mara ya pili. Mbwa wanaotolewa kwa njia hii huwa wamechanjwa na wamefungwa uzazi. Nimesikia wanaume wakilalamika kwamba mbwa dume aliyehasiwa si mbwa tena. Maneno hayo hayana msingi. Atabweka na kulinda kama kawaida, ila hatatoroka usiku kufuata mbwa jike mpaka ng'ambo ya Chania, akarudi na vidonda usivyojua amevitoa wapi. Omba kadi ya chanjo, uiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto. Siku moja utaihitaji haraka.

Iko njia nyingine ya kumwokoa mbwa, nayo hutokea sana huku kwetu. Mbwa amezurura sokoni Karatina au kwenye steji ya Chaka, watu wanamhurumia, mtu anamchukua. Huruma ni nzuri. Lakini mbwa huyo historia yake haijulikani, na virusi vya kichaa cha mbwa vinaweza kukaa mwilini mwake kwa wiki au miezi kabla ya dalili. Usimguse mdomo, usiwaache watoto wamkumbatie, na umpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujampeleka nyumbani. Chanjo ya kwanza huchukua karibu wiki 4 kumkinga vizuri. Muda wote huo akae peke yake ndani ya ua, mbali na mbwa wengine. Akibadilika ghafla, akaanza kudondokwa na mate, akashindwa kumeza, akauma vitu ovyo au akawa mnyonge na kulegea miguu, usimkaribie kabisa. Piga simu ofisi ya mifugo.

Mbwa amefika nyumbani. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu usimpe jembe siku ya tatu. Wanaofanya kazi ya kuokoa mbwa huhesabu hivi: siku 3 za kwanza mbwa ameduwaa, wiki 3 anaanza kuonyesha tabia yake, na miezi 3 ndipo anaelewa kwamba hapa ni kwake. Si sheria ya kukatwa kwa kisu, lakini inasaidia. Siku zile za mwanzo usiwaite majirani waje kumwona mbwa mpya. Mpe pembe tulivu, maji, mahali pakavu pa kulala palipoinuliwa kutoka ardhini, maana baridi ya Nyeri si mchezo hata kwa mbwa mwenye manyoya. Katika wiki hizo za kwanza wengi husema, "Ni mpole kama kondoo," wakamwachia mtoto. Upole wa wiki ya kwanza mara nyingi ni woga. Tabia kamili bado inakuja.

Watoto nao wafundishwe, tena kabla mbwa hajafika. Wasimguse akila, akilala, au akiwa na watoto wake. Wasimkumbatie shingoni, maana mbwa wengi huona hiyo ni kukabwa. Wasimkimbie. Mbwa asiyemjua akimjia, mtoto asimame kama mti, mikono imekunjwa kifuani, macho yaangalie chini, asipige kelele. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, uso chini, mikono ifunike masikio na shingo. Wafanyie mazoezi haya uani mara tatu nne, watacheka, lakini watakumbuka. Na mtoto wa chini ya miaka 6 asiachwe peke yake na mbwa hata dakika moja, hata kama mbwa ni malaika.

Juu ya minyoo na viroboto sitakaa sana. Mbwa apewe dawa ya minyoo kila miezi 3, au kama daktari wa mifugo atakavyosema. Kinyesi kiokotwe na kuzikwa, hasa pale watoto wanapochezea udongo, kwa kuwa mayai ya minyoo ya mbwa yakimezwa na mtoto yanaweza kumdhuru ini, mapafu hata jicho. Mikono ioshwe kwa sabuni. Muulize daktari pia chanjo za pavo na distempa. Hiyo distempa haiwapati mbwa wa nyumbani peke yao. Mwaka 2017 iliangamiza sehemu kubwa ya mbwa mwitu wa Laikipia.

Sasa nafika mahali ambapo nataka uchukue kalamu. Mbwa ameuma. Inaweza kutokea hata kwa mwenye kufanya yote niliyosema.

Jambo la kwanza ni maji na sabuni, hapo hapo. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, angalia saa. Virusi vya kichaa cha mbwa huuawa na sabuni, na kuosha huko peke yake hupunguza hatari sana. Usipake mafuta ya taa, tumbaku, pilipili wala unyoya wa mbwa aliyeuma. Nimeona yote hayo kwenye vidonda. Usikifunge kidonda kwa kubana, na usikubali kishonwe haraka kabla ya daktari kukitazama.

Jambo la pili ni hospitali, siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu, na hata kama mbwa ni wako na amechanjwa. Nenda na ile kadi yake. Daktari ataamua kama unahitaji chanjo. Ratiba iliyozoeleka huanza siku ya kwanza inayoitwa siku ya 0, halafu siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Hospitali nyingine zina ratiba fupi zaidi, kwa hivyo fuata kadi uliyopewa. Kidonda kikiwa kimetoboa ngozi, daktari anaweza kuongeza sindano ya kingamwili inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Utaulizwa pia juu ya chanjo ya pepopunda. Zile hadithi za sindano nyingi za tumboni ni za zamani. Siku hizi hudungwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani.

Ukifika na kuambiwa chanjo imekwisha, usirudi nyumbani kungoja. Uliza iko hospitali gani nyingine, ya serikali, ya misheni au ya kibinafsi, na uende leo. Pesa zikiwa shida, sema wazi hapo hapo, na uwapigie ndugu na majirani wachange. Nasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu najua kinachotokea. Mtoto anapata sindano ya kwanza, kidonda kinapona, nauli inakosekana, mzazi anasema ameshapona. Kidonda kupona si dalili kwamba virusi vimekwisha. Ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi 2 au 3, wakati mwingine mapema, wakati mwingine karibu mwaka. Dalili zikianza, yaani kuwashwa pale palipoumwa, homa, kuogopa maji, kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Hakuna dawa tutakayompa. Hakuna hospitali kubwa ya kumpeleka. Tunachoweza kufanya ni kumpunguzia maumivu na kuwa na mama yake. Lakini mtoto yule yule, akioshwa kidonda na kumaliza sindano kwa wakati, huokoka.

Jambo la tatu ni mbwa aliyeuma. Watu wengi humuua papo hapo kwa mawe. Kama anaweza kufungiwa bila kumhatarisha mtu, msimuue. Afungiwe kwa siku 10 chini ya uangalizi wa ofisi ya mifugo. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma atakuwa ameugua au kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, daktari anaweza kubadilisha mpango wa sindano. Akifa, ofisi ya mifugo itachukua kichwa kipimwe, na msijaribu kukikata wenyewe. Uangalizi huu hauzuii matibabu. Sindano zianze siku ya 0, msingoje siku ya 10.

Ugonjwa huu si mgeni Kenya. Ulithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huu kufikia mwaka 2030. Mpango huo unategemea hesabu moja rahisi: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Majirani zetu wa Laikipia walianza kampeni yao mwaka 2015 wakiwa na watafiti wa Mpala, wakienda kijiji kwa kijiji na sindano. Kule Nyeri nimesikia wafugaji wakisema chanjo humfanya mbwa awe mvivu wa kubweka. Siyo kweli. Atalala kidogo siku ya kwanza kama mtoto aliyetoka kliniki, kesho yake atabweka kama kawaida. Tena usimchanje yule wa mbegu peke yake kwa sababu ni wa bei. Simba na Tomi wa pale nyuma ya zizi, wasio na mbegu inayojulikana, ndio wanaozunguka usiku.

Mbwa huchanjwa kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wakati huo chanjo hutolewa bure mahali pengi. Uliza ofisi ya mifugo ya kata yenu mapema ni kituo gani kitatumika mwaka huu, na uulize pia juu ya leseni ya mbwa. Siku hiyo aletwe na mtu mzima, akiwa kwenye kamba imara, na kama ni mkali awe amefungwa mdomo. Watoto wabaki nyumbani, maana mbwa hamsini wasiojuana wakikutana uwanjani huwa na maneno yao.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya moshi wa jiko na kifua cha mtoto. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kwaheri.